Kinywa Juu ya Vijiti

Kipindi cha pili, Kidato cha Kwanza B, Newala,
nimechora mdomo ubaoni.
Mistari miwili iliyobinuka, ikakutana pembeni
kama punje ya mchele; chaki ikakatika
kabla sijafika kona ya kulia.
Darasa likacheka. Mkwanda, wa dawati la dirishani:
"Mwalimu, huo umefumba au unataka kusema?"

Nikawaambia Wamisri wa kale waliuchonga hivi hivi kwenye mawe.
Wakiuweka kijiti kimoja, ni kinywa,
hiki hiki cha kutafunia.
Bila kijiti, mara nyingi ni sauti tu: r,
ile inayotutelezea sisi tuliozaliwa na l.
Au ni "kuelekea": ukitoka hapa kwenda Kitangari,
katikati, wewe na Kitangari, wangechora mdomo.
Au ni "kuliko". Huyu mrefu mdomo yule.
Mlango nao ni mdomo. Lugha ya nchi, mdomo.
Na kila dua ya kumsindikiza maiti, mdomo mmoja.
Sisi tulisema kinywa ni jumba la maneno;
wao jumba lenyewe walilijaza wapangaji
na hakuna aliyemgombeza mwenzake ukumbini.

Kisha hesabu, maana ndiyo ninayolipiwa mshahara.
Kinywa juu, vijiti vitatu chini: theluthi.
Vijiti vinne: robo.
Kinywa juu ya alama iliyopinda kama kwato: sehemu ya kumi.
Juu pale hapakuhitaji namba,
kana kwamba kila mgawo ni tonge.

"Na tatu ya tano?" Hawakuiandika hivyo.
"Basi magunia matatu, watu watano, waligawaje?"

Nikageukia ubao. Nikafuta mahali palipokuwa safi.

Mnyambe, mwaka aliofariki Baba.
Magunia matatu ya korosho uani, sisi watano ukutani,
mjomba Chilumba na kalamu yake sikioni:
"Kila mtoto, nukta sita ya gunia."
Bibi Nantupa alikuwa anakunywa chai,
kidole kimebana tundu la mdomo wa juu
(ndonya alishaivua, kwenye kitambaa, chini ya mto),
akameza, akauliza:
"Hiyo nukta sita nani ataibeba kichwani?"

Akapasua magunia nusu kwa nusu.
Nusu yako. Nusu yako. Nusu yako, Somoe, acha kulia.
Ikabaki nusu moja, yatima.
Akaikalia kitako, akaigawa kwa sado mafungu matano,
kila sado akiisawazisha kwa kiganja,
na punje iliyoanguka akairudisha bila kuitazama.
Nusu, na sehemu ya kumi.
Chilumba alipiga hesabu mara mbili nyuma ya karatasi ya mazishi,
akairudisha kalamu sikioni, kimya.

Hayo yote sikuyasema darasani.
Wala sikusema kwamba Wamisri walimgusa maiti mdomoni kwa tezo
ili huko aendako aweze kula na kujibu;
kwamba baba mdogo Litongo, akichonga kinyago,
mdomo huuacha mpaka mwisho,
halafu tezo, pigo moja dogo, na uso unakuwa mtu;
kwamba Bibi alipolala mara ya mwisho
wanawake walifungua kile kitambaa
wakamrudishia ndonya yake ya mpingo,
na chumba kizima kikangoja, nami nikangoja,
kama mtu anayesubiri jumla.

Kengele. Nimekusanya madaftari.
La Mkwanda, swali la tatu, limejibiwa kwa penseli:
kinywa juu ya viwili, kinywa juu ya kwato.
Ningemwambia nusu ilikuwa na alama yake.
Lakini kwenye mdomo wa juu, wa kinywa cha kwanza,
ameweka kiduara kidogo, amekitia weusi.
Sijamfundisha hicho.
Sikumkata maksi.